Tremolo ipi kwa gita kuukuu? Isikilize mbao kwanza

Malindi ni mji wa hoteli na watalii, Wataliano hasa, kwa zaidi ya nusu karne sasa. Bendi za hoteli zimekuja na kusambaratika, lakini gita zao hazikusambaratika zote. Ukiulizia kwa wapigaji wa zamani, ukafunguliwa stoo, huenda ukatoka na Eko ya Kitaliano ya miaka ya 1960 iliyovikwa plastiki inayometameta, au Teisco ya Kijapani yenye swichi nyingi kuliko zinazohitajika, au nakala ya Stratocaster ya Fender isiyo na jina lolote kichwani. Mtu akishaipata, akaisafisha, akatia nyuzi mpya, wazo la tremolo halichelewi kumjia.

Tremolo ni ule mkono wa chuma ambao ukiukandamiza nyuzi zote sita hulegea kwa pamoja na sauti ikashuka. Ukiuachia, sauti hupanda ikarudi ilipotoka. Kuishusha sauti si kazi. Kuirudisha pale pale ilipokuwa ndiko kunakowasumbua wabunifu tangu Doc Kauffman atengeneze Vibrola yake mwishoni mwa miaka ya 1920, na kila mtambo uliobuniwa baada ya hapo ni jibu jingine kwa swali hilohilo.

Wengi huanza na jina: nataka Bigsby, nataka Floyd Rose. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Gita kuukuu tayari ina mbao zilizokatwa kwa namna fulani, ina matundu mahali fulani, na shingo yake imeinama kwa pembe fulani. Mambo hayo matatu yanaamua zaidi kuliko pochi yako. Tundu lililotobolewa haliondoki. Utaliziba, utalipaka rangi, na bado lipo. Kwa hiyo swali la kwanza ni gita hii itakubali nini bila kukatwa.

Hata kabla ya hilo, jaribu kitu kisichogharimu hata shilingi. Kama gita yako ilikuja na tremolo ya kiwandani na sauti hairudi sawa kila ukiigusa, usiilaumu upesi. Tazama kile kifupa chenye mifereji sita pale shingo inapopakana na kichwa. Uzi unapolegezwa husogea ndani ya mfereji huo. Mfereji ukiwa mwembamba au una makwaruzo, uzi hunasa njiani usirudi. Ukisikia mlio mdogo wa “tik” unapozungusha funguo za kichwani, ndio huo. Sugua penseli laini ndani ya mifereji, maana risasi ya penseli ni grafiti na grafiti huteleza. Mfereji ukibana sana, upanuliwe kwa tupa nyembamba au msasa uliokunjwa, kidogo kidogo. Kisha angalia uzi umezungushwa mara ngapi kwenye funguo: mizunguko miwili au mitatu iliyolala vizuri inatosha, mizunguko minane ni minane ya kulegea na kukaza. Gita nyingi zinazohesabiwa kuwa na tremolo mbovu zina kifupa kibovu, na mwenye kununua mtambo mpya bila kukirekebisha atahamia na ugonjwa wake.

Kama umefanya hayo na bado unataka kubadilisha, au gita haikuwa na tremolo kabisa, tazama mitambo yenyewe.

Iliyo nyepesi kueleweka ni ya Paul Bigsby, fundi wa California aliyeianza baada ya mpiga gita Merle Travis kumletea Vibrola ya Kauffman iliyokuwa haikai sauti. Nyuzi zinaingia kwenye mhimili wa duara, mkono unauzungusha mhimili huo, na springi moja fupi iliyosimama chini ya mkono inausukuma urudi. Hakuna kinachoingia ndani ya mbao isipokuwa skrubu. Mwendo wake ni mfupi, kiasi cha nusu toni hadi toni nzima, na hutoa mtikisiko wa taratibu unaopendeza sana ukipiga kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) ukaiacha ielee. Aina zake hutajwa kwa herufi na namba, na kukosea namba ni kununua chuma cha kupamba ukuta: B5 ni ya gita yenye uso bapa na mbao nzima, B7 ni ya uso uliobinuka kama wa Les Paul ya Gibson, B3 na B6 ni za gita zenye tumbo tupu na hushikwa mkiani. B5 na B7 zina fimbo ya pili inayozikandamiza nyuzi kuelekea chini ili ziegemee daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya bodi) sawasawa. Fimbo hiyo ni msaada kwenye gita ambayo daraja lake ni fupi, lakini inaongeza msuguano, na msuguano ndio adui yetu tangu mwanzo. Hapo daraja lenye vikalio (vipande vidogo ambavyo kila uzi hulalia) vya magurudumu husaidia, au daraja linaloyumba kidogo pamoja na nyuzi.

Uzuri mwingine wa Bigsby ni kwamba wapo waliobuni mabamba ya kuifunga bila kutoboa. Vibramate hutengeneza mabamba yanayotumia matundu yaliyopo, yale ya mkia (kipande kinachoshika ncha za nyuzi nyuma ya daraja) na ile skrubu ya kamba ya begani. Duesenberg wana Les Trem, mtambo mdogo unaokaa kwenye zile skrubu mbili nene za mkia wa mtindo wa Gibson; unaondoa mkia wa zamani, unaweka huu, basi. Stetsbar huenda mbali zaidi, huchukua nafasi ya daraja na mkia kwa pamoja. Ukiwa na gita ya mtindo wa Les Paul au SG, au nakala yake, na mkia wake unashikwa na skrubu mbili, nisingekutafutia kingine nje ya hizi. Ukichoka unarudisha mkia wa zamani, na anayekuja baada yako hatajua kilichopita hapo.

Ile ya Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, ni mtambo mwingine kabisa. Daraja lote linainuka. Chini yake kuna bonge la chuma linalopenya mbao hadi upande wa nyuma, na huko springi, tatu kwa kawaida na tano kwa wingi, zinalivuta bonge hilo zikishindana na nyuzi. Ni mizani: upande mmoja nyuzi, ambazo seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi) kwenye gita yenye milimita 648 kutoka kifupa hadi daraja huvuta takriban kilo 46, na upande wa pili springi zinazousawazisha mvuto huo. Ukiielewa mizani hii umeelewa karibu kila lalamiko. Ukivuta uzi mmoja kwa kidole, mizani inaegemea upande wa nyuzi, na zile tano nyingine zinashuka sauti. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda na nyuzi zilizobaki zote zinapanda. Ukihama kutoka seti ya 10 kwenda seti ya 9, ambayo huvuta takriban kilo 38, lazima urekebishe springi, la sivyo daraja linalala.

Mpigaji wa hoteli mwenye gita moja na hana ya akiba jukwaani afikirie sana habari ya uzi kukatika. Dawa yake ipo: kaza springi hadi bamba la daraja lilale juu ya mbao. Mkono utashusha tu, hautapandisha, lakini uzi ukikatika nyingine zitabaki karibu na mahali pake na wimbo utamalizika. Wapo wanaoona huko ni kuinyima gita nusu ya uwezo wake. Hawajapiga mbele ya harusi.

Kuiweka tremolo ya namna hii kwenye gita ambayo haikuwa nayo ni kukata shimo linalotoboka upande wa pili pamoja na bwawa la springi nyuma. Sipendekezi, labda gita iwe ya kujifunzia ufundi. Lakini ukiwa tayari na nakala ya Stratocaster, kubadilisha mtambo wake dhaifu kwa ulio bora ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo katika habari hii yote. Mitambo ya bei nafuu ina bonge la zinki jepesi, mara nyingi jembamba. Bonge la chuma cha pua au la shaba huipa gita mlio mzito zaidi na nyuzi huendelea kulia kwa muda mrefu.

Hapa ndipo rula inapohitajika. Kati ya skrubu sita zinazoshika daraja mbele, pima kutoka katikati ya ile ya kwanza hadi katikati ya ile ya sita. Fender za mtindo wa zamani zina milimita 56. Nakala nyingi za Asia zina milimita 52.5. Tofauti hiyo ya milimita tatu na nusu haibembelezeki. Kisha pima unene wa bodi. Stratocaster halisi ina kama milimita 45, lakini nakala nyingi ni nyembamba, na bonge refu la milimita 42 litachungulia upande wa nyuma lizuie kifuniko. Bonge fupi la milimita 36 lipo sokoni kwa ajili ya hizo. Pima pia umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale kwenye daraja, maana nyuzi zikiwa pana kuliko shingo, ule mwembamba utaanguka ukingoni kila ukiupiga kwa nguvu.

Kuna pia mitambo ya nguzo mbili badala ya skrubu sita. Inayumba kwa wepesi zaidi kwa kuwa inaegemea makali mawili tu. Lakini nguzo zinahitaji matundu mapana ya kuingizia vikombe vya chuma, na gita nyingi za bei nafuu bodi yake ni plaiwudi. Plaiwudi ikitobolewa karibu na ukingo hupasuka matabaka. Afadhali skrubu sita zilizoshika vizuri kuliko nguzo mbili zinazoegemea mbele kila siku kidogo.

Floyd Rose ndiyo wanayoiulizia vijana. Floyd Rose mwenyewe aliipatia hataza mwaka 1979, na wazo lake ni kali: kama uzi unanasa kwenye kifupa na kuteleza kwenye funguo, basi ubanwe kabisa pande zote mbili, juu kwa vibano na chini kwenye daraja, usiwe na pa kusogea. Baadaye zikaongezwa skrubu ndogo za kurekebisha sauti darajani, kwa kuwa ukishabana juu funguo za kichwani hazifanyi kazi. Matokeo yake ni mtambo ambao unaweza kulegeza nyuzi hadi zikaning'inia, ukaachia, na gita ikawa sawa.

Bei yake si ile ya dukani. Kwenye gita kuukuu unakata bodi juu na nyuma, na unakata shingo pale pale penye udhaifu wake mkubwa, karibu na kichwa, ili vibano vipate pa kukaa. Kubadilisha uzi mmoja ni kutafuta ufunguo wa alen (wa pembe sita) wa milimita 3, kukata kile kichwa cha shaba cha uzi, kubana, kutyuni zote sita, kurudia kwa kuwa mizani imeyumba, kisha kubana tena. Atakaye kubadilisha utyuni kati ya wimbo na wimbo ameshajifunga. Na za bei nafuu, zile zinazofanana na asili kwa mbali, makali yake ni ya chuma laini. Yakishaliwa, kile ulichokinunua, yaani kurudi kwa sauti, kimeondoka. Kama muziki wako ni metali nzito, nunua gita iliyotoka kiwandani nayo. Eko ya mwaka 1965 iachwe na mbao zake.

Kahler nitaipitia haraka: ni mtambo wa miaka ya 1980 unaozunguka kwa kamu (gurudumu lisilo la duara kamili), unahitaji shimo la kina kifupi upande wa juu tu, na ni mlaini mkononi. Vipuri vyake ni shida kuvipata hata kwa wenye maduka karibu.

Sasa muziki. Pwani ina masikio yaliyolelewa na udi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alipiga udi, ala isiyo na freti (vile vyuma vinavyokata shingo), na sauti zake zilikaa katikati ya noti ambazo gita inazijua. Makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zina hatua ndogo kuliko toni na kubwa kuliko nusu toni. Gita, kwa freti zake, haiwezi kuzitoa wazi. Kidole kikivuta uzi sauti hupanda, na mwenye sikio ataisimamisha robo toni juu. Kushuka chini ya noti uliyoshika ndiko kidole kisikoweza, na hapo mkono wa tremolo unapata kazi ambayo sidhani Bigsby aliifikiria. Kwa mwendo huo mdogo na wa makini unataka mtambo mzito kidogo, unaohitaji kusukumwa ndipo uende: Bigsby, Les Trem, au ya Stratocaster iliyolazwa na springi nne. Floyd inayoelea huenda mbali mno kwa mguso mdogo, na kuisimamisha robo toni ni kubahatisha. Kwa rumba na chakacha, ambako gita inapiga mizunguko ya haraka na mkono wa kulia hauna nafasi ya kushika chochote, sema kweli: huenda huhitaji tremolo.

Linaloamua Lamu na Malindi pengine kuliko yote hayo ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi vyote vinaileta, na chuma chembamba hakina pa kuikimbilia. Springi hushika kutu kwanza, halafu skrubu ndogo za vikalio, ambazo zikishagoma huwezi tena kurekebisha urefu wa uzi. Zinki iliyopakwa kromu huvimba kama malengelenge na kromu ikabanduka. Alumini ya Bigsby haishiki kutu, ila hutoa unga mweupe unaofutika. Floyd ina skrubu nyingi ndogo za chuma cheusi, na skrubu ya alen iliyoshika kutu kichwa chake huliwa na ufunguo. Ukifika hapo unahitaji drili. Kwa kipimo hiki, kila sehemu inayosogea ni sehemu itakayogoma siku moja. Chagua yenye vichache, na ulipie zaidi kupata vikalio na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha za springi na kwenye makali, kitambaa kikavu baada ya kila onyesho, na pakiti za silika ndani ya kasha zitaongeza umri wake sana.

Vipuri navyo vina safari yake. Ukiagiza nje, weka hesabuni ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na kwa wa Lamu ongeza boti ya kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara. Agiza springi na skrubu za akiba katika kifurushi hicho hicho. Kusubiri miezi kwa skrubu ya shilingi chache kunaudhi kuliko kuikosa gita yenyewe.

Ikibidi kukata au kuziba tundu, utafute fundi, na hapa Lamu ina neema ambayo miji mikubwa haina. Mafundi wanaochonga milango wanaujua mti kwa patasi, na nakuhakikishia ningempa gita yangu mchonga milango mwenye patasi kali kuliko kijana mwenye rauta (mashine ya kuchimbia mbao) mpya na haraka. Mchonga milango anachohitaji ni kiolezo cha plaiwudi kilichopimwa sawasawa, kwa kuwa yeye amezoea mti unaosamehe nusu milimita. Matundu ya zamani ya skrubu yaliyolegea yazibwe kwa vijiti vya mti mgumu, mbambakofi ni mzuri, kwa gundi, yasubiri siku nzima, kisha yatobolewe upya. Kijiti cha kiberiti kitashika hadi siku ya kwanza ya kukandamiza mkono.

Kabla keekee haijagusa mbao, mwambie: “Fundi, tufunge kwanza uzi wa kwanza na wa sita.” Mtambo ulale mahali pake bila skrubu, nyuzi hizo mbili zivutwe kutoka kichwani, na muangalie zinapita sawa kwenye kingo zote mbili za shingo. Kisha pima kutoka kwenye kifupa hadi freti ya 12, zidisha mara mbili, na umbali huo uangukie kwenye vikalio, vikiwa bado na nafasi ya kurudi nyuma milimita chache. Gita iliyofungwa tremolo milimita tano nje ya hapo haitapatana na yenyewe kamwe. Itakuwa sawa chini na mbaya juu.

Halafu kuna waya mmoja ambao husahaulika karibu kila mara. Gita ya umeme ina waya wa athi unaounganisha nyuzi na saketi, na kwenye Stratocaster umelehemiwa kwenye kile kipande kinachoshika springi nyuma. Kwenye mtindo wa Gibson unaingia ndani ya tundu la mkia. Ukibadilisha mtambo waya huo hubaki ukining'inia, na ampli inaanza kunguruma. Ulehemiwe kwenye mtambo mpya, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane. Washa ampli, sikiliza mngurumo, kisha weka kiganja juu ya nyuzi: mlio ukipungua palepale, waya umeshika. Usipopungua, fungua kifuniko cha nyuma tena kabla hujafunga hizo nyuzi nne zilizobaki.